Wewe shikilia tu hapo dirishani

Wadau, kuna jambo limenikaa rohoni tangu Desemba na leo naomba nilitoe. Linahusu kayaki. Najua wengine mtaguna, "kayaki tena, mambo ya wazungu hayo." Vumilieni kidogo, muda si mrefu tutafika kwenye godoro lako na tangi lako la maji.

Kwa asiyeijua, kayaki ni kidau chembamba cha mtu mmoja au wawili. Unakaa chini kabisa, unapiga kasia lenye bapa pande zote mbili. Nyingi za siku hizi ni za plastiki ngumu, urefu mita 3 au 4 hivi, uzito kilo 20 hadi 30 na kitu. Rafiki yangu mmoja alinunua ya mtumba kwa mzungu wa Masaki aliyekuwa anarudi kwao. Bei ya kutupa. Jamaa ana ndugu zake Bagamoyo, akaona bora chombo kikakae huko, awe anaenda wikiendi kuvua na kupunga upepo. Akanipigia simu Jumamosi asubuhi: "Njoo unisindikize, kuna mzigo kidogo."

Gari lake ni dogo, la kawaida tu, lenye keria aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Tukaiweka kayaki juu, mdomo wazi ukiangalia mbinguni. Tukapitisha kamba ya plastiki milangoni, tukaizungusha mara mbili juu, tukapiga fundo. Fundo gani? Fundo la viatu, jamani. Wawili sisi, digrii mbili, fundo la viatu. Halafu rafiki yangu akasema maneno ambayo nina hakika na wewe umeshawahi kuyasikia au kuyasema: "Nzito hii, haiendi kokote. Wewe shikilia tu hapo dirishani."

Nikashikilia. Mkono wa kushoto nje, vidole vimekamata kamba, muziki unaendelea. Mwenge, Tegeta, Bunju, hakuna tatizo, kwa sababu foleni ya njia ile hairuhusu tatizo. Tulipopita Mapinga barabara ikafunguka na spidi ikapanda, tukawa kati ya 80 na 90. Nikaanza kusikia kamba inalia kama zeze. Nikamwambia mwenzangu, akaongeza sauti ya redio. Kabla ya Kerege tukapishana na lori kubwa lililokuja kwa kasi. Upepo wake ukaingia chini ya pua ya kayaki, pua ikanyanyuka, ikageuka kama mshale wa dira, na kamba ikapita kwenye kiganja changu na kuondoka na ngozi. Nikaachia. Nisingeweza kufanya lingine.

Nyuma yetu upande wa kushoto kulikuwa na bodaboda imebeba mama na mtoto mdogo katikati. Kayaki ilitua kwenye lami mbele yao na kuanza kuteleza huku inajizungusha. Dereva yule wa bodaboda, Mungu ampe maisha marefu, aliitoa pikipiki barabarani na kuingia kwenye majani bila kuanguka. Hakuna aliyeumia zaidi ya kiganja changu. Tuliposimama na kurudi nyuma mbio, yule mama alikuwa ameshashuka, mtoto kamkumbatia. Hakututukana. Alituangalia, akaiangalia kayaki, akauliza: "Wanangu, chombo chenu hiki hakina nanga?"

Sijawahi kuaibika namna ile.

Sasa tuongee. Hili neno "nzito haiendi kokote" ndilo ninalotaka kupigana nalo leo, maana ni uongo, na ni uongo unaosemwa zaidi na watu wenye magari madogo na elimu ya kutosha. Uzito peke yake haumfungi mtu. Kilo 25 zikiwa zimelala sebuleni, sawa, hazijongei. Zikiwa juu ya paa la gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa, kuna vitu viwili vinazisukuma ambavyo sebuleni havipo.

Cha kwanza ni upepo. Wale waliokuwa wanasinzia kwenye kipindi cha fizikia wakumbuke hili moja tu: nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na spidi. Ukitoka 40 kwenda 80, spidi imezidishwa mara 2 lakini nguvu ya upepo imezidishwa mara 4. Ukifika 100 ni zaidi ya mara 6. Ndiyo maana kamba iliyotutosha Mwenge mpaka Bunju ilitusaliti Kerege. Na lori linalokuja mbele yako linasukuma hewa yake, linakuongezea dhoruba ya ghafla juu ya upepo ulio nao tayari. Kayaki yenye pua iliyochomoza mbele ya keria inaupokea upepo huo kwa chini, na ikinyanyuka kidogo tu eneo la kupigwa linaongezeka, inanyanyuka zaidi, na hapo hadithi imekwisha.

Cha pili ni breki. Gari linalokwenda 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Ukikanyaga breki, matairi yanalizuia gari. Kayaki haina matairi. Yenyewe bado iko kwenye mita zake 22 kwa sekunde, na kitu pekee kinachoiambia isimame ni ile kamba. Kama kamba haiwezi, inatoka mbele kama mkuki. Fikiria mwenyewe nani yuko mbele yako kwenye foleni.

Na mkono dirishani? Mkono hauwezi. Mpaka ubongo wako uhisi kwamba kamba imevuta na vidole vikaze, gari limeshakula mita kadhaa na mzigo umeshaondoka. Mkono dirishani ni dawa ya kututuliza sisi wenyewe, basi.

Aliyetufundisha siku ile alikuwa utingo. Lori la mbao lilikuwa limeegeshwa mbele kidogo, wanabadilisha tairi, na yeye alikuwa ameona sarakasi yote. Mtu mzima, kandambili, fulana imetoboka. Akaja, akaiangalia kamba yetu, akacheka kwa huruma. "Wadogo zangu, hii kamba ya kuanikia nguo." Akaenda kuchukua ya kwake. Kila alichokifanya nilikiangalia kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na baadaye nimesoma na kuuliza huku na huko, kwa hiyo haya yafuatayo ni mchanganyiko wa utingo na mimi.

Kwanza hakuigusa kayaki. Alishika keria na kuitikisa kwa nguvu mpaka gari zima likacheza. Kumbe skrubu za mguu mmoja zilikuwa zimelegea! Yaani hata tungefunga kwa mnyororo, keria yenyewe ingeondoka na kayaki. Nani kati yetu huwa anatikisa keria? Tunaikuta juu ya gari, tunaichukulia kama sehemu ya bati. Wengine wana zile reli mbili za kando tu, nyingine ni za urembo, hazina hata vyuma vya kukingama kutoka upande huu kwenda huu, na wanalaza mzigo moja kwa moja kwenye paa na mto chini yake. Hiyo siyo keria. Vyuma viwili vya kukingama lazima viwepo, na kadiri vilivyo mbali kimoja na kingine ndivyo mzigo mrefu unavyotulia.

Halafu kuna suala la uzito ambao paa lenyewe linaruhusiwa kubeba. Kila gari lina kiwango chake na kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Tatizo la Bongo ni kwamba magari yetu mengi yametoka Japani na kitabu kimeandikwa Kijapani, tunakiweka kwenye droo kama kumbukumbu ya safari. Kwa magari mengi madogo kiwango ni kati ya kilo 50 na 75 hivi, na uzito wa keria unahesabiwa humo humo. Ukichomelewa keria ya mabomba ya chuma, nzuri, imara, yenyewe inaweza ikala sehemu kubwa ya ruhusa yako kabla hujaweka hata begi. Kayaki moja kwa kawaida haina shida. Kayaki mbili na keria ya chuma, piga hesabu.

Pili, aliigeuza kayaki kifudifudi. Sisi tulikuwa tumeiacha mdomo wazi. Mvua ya Desemba ingetukuta njiani ingejaa maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 40 tu na umeshaongeza kilo 40 juu ya paa, tena kilo zinazocheza mbele na nyuma kila ukishika breki. Wenye pesa zao wananunua vishikio vyenye umbo la herufi J vinavyoilaza kayaki kiubavu, na ni vizuri, maana ubavu wa kayaki ni mgumu kuliko tumbo lake. Sisi tulitumia vipande vya kandambili chakavu juu ya chuma, vinazuia kuteleza safi kabisa.

Tatu ndiyo kamba. Hapa naomba niseme kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa. Kamba za plastiki zile za bei rahisi zinateleza kwenye fundo na jua linazila polepole, unaiona bado ina rangi kumbe ndani imekuwa unga. Mipira ya tyubu, ile tunayofungia madumu kwenye baiskeli, inafaa kwa dumu kwenye baiskeli. Kazi ya mpira ni kuvutika. Mzigo ukivuta, mpira unakubali, na mzigo ukishapata nafasi ya kucheza umeshashinda. Vivyo hivyo zile zenye ndoano mwishoni. Zitumie kuzuia turubai lisipepee, usizikabidhi uhai wa mtu.

Kinachofaa ni mikanda bapa miwili, mmoja kwa kila chuma, upitishwe juu ya kayaki na kurudi chini ya chuma chenyewe, siyo dirishani wala mlangoni. Ile yenye kifungio kinachouma kama cha begi la mgongoni inatosha kwa mkono mtupu. Ile ya malori yenye mkono wa kukazia ni nzuri kwa mbao, lakini kwa kayaki ya plastiki uwe na adabu nayo, kwa sababu ina nguvu kuliko unavyodhani na plastiki ikishapata jua inalainika. Ukikaza sana saa sita mchana inabonyea, na likizama jua unabaki na kayaki yenye kiuno. Ukiegesha juani muda mrefu, legeza kidogo. Ila ukumbuke kukaza kabla hujaondoka! Na ule mlio wa zeze niliousikia? Mkanda uliolala bapa unatetemeka kwenye upepo. Usokote mara moja tu, unanyamaza.

Kama huna mikanda, kamba nzuri na fundo la utingo. Yeye alitengeneza kitanzi katikati ya kamba, akapitisha ncha chini ya chuma, akairudisha ndani ya kile kitanzi, halafu akavuta kwenda chini kama anateka maji kisimani. Kamba ikakaza mpaka ikatoa sauti. Kisha mafundo mawili ya kumalizia. Hakutumia nguvu kubwa, kitanzi kilimfanyia kazi. Mimi nimelifanyia mazoezi fundo hilo kwenye mguu wa meza nyumbani mpaka dada yangu akaniuliza kama niko salama.

Nne, na hili ndilo hasa lililotuponza: pua na mkia. Mikanda ya katikati inaizuia kayaki isiondoke juu ya keria, lakini haizuii pua kunyanyuka wala kugeuka. Lazima kamba itoke puani na kushuka mbele ya gari pande mbili, kushoto na kulia, na nyuma vilevile. Ifungwe kwenye kile kikulabu cha chuma cha kuvutia gari au sehemu nyingine ya chuma cha bodi. Siyo kwenye bampa, bampa za siku hizi ni plastiki tu. Na mabaki ya kamba yakatwe au yafungwe vizuri, kwa sababu kamba ikiingia chini ya tairi, gari lenyewe litaivuta kayaki kwa nguvu zake zote.

Mwisho akafunga kitambaa chekundu mkiani, akaitikisa kayaki, gari likacheza pamoja nayo. Akasema: "Sasa imekuwa gari. Mkifika kilometa tano simameni mkague tena." Tulisimama. Mkanda mmoja ulikuwa umelegea kidogo. Alikataa hela, akachukua soda.

Sasa nirudi kwenye godoro, nilikuahidi.

Godoro ni baya kuliko kayaki. Kila mwisho wa mwezi mjini humu utaona gari dogo lina godoro la sita kwa sita juu ya paa, mikono miwili imetoka madirishani, mmoja kulia na mmoja kushoto. Dereva naye anashikilia! Mkono mmoja usukani, mmoja godoro. Sisi ni watu wa pwani, jamani. Tumeona ngalawa zinaondoka na watu na samaki wote kwa kitambaa kimoja tu cha tanga. Godoro la sita kwa sita ni tanga. Tangi tupu la maji la lita 1,000 ni puto. Vitu vyepesi na vipana ndivyo vinavyoruka kwanza, wakati sisi tunaviogopa vizito. Na nondo zinazochomoza mita mbili nyuma ya kirikuu usiku, na kale kakitambaa kekundu ambako gizani hakaoneki? Mwenye bodaboda anayekuja nyuma ataziona zikiwa zimeshamfikia.

Nitajisema na mimi na kazi yangu. Nimeandika habari za ajali, fupi fupi, zile za aya tatu. Chanzo: mwendo kasi. Chanzo: uzembe wa dereva. Nimepekua daftari langu na sikuona hata mara moja ambapo niliuliza mzigo ulifungwa na nini, na nani, na fundo gani. Niliuliza namba ya gari, jina la dereva, idadi ya majeruhi. Kamba iliyokatika huwa imelala pale pale barabarani na sisi waandishi tunairuka tukimfuata kamanda atupe idadi. Ningetamani mhariri wangu siku moja anirudishie habari na kusema: hujaniambia mbao zilifungwaje. Hatasema, anataka aya tatu na ukurasa ufungwe. Basi nitajiuliza mwenyewe.

Na kitu kingine kinachoniuma, niseme tu. Sisi wenye digrii tunapenda kumcheka utingo. Lori limejaza mpaka mbinguni, tunapiga picha, tunatumiana, tunacheka "Bongo bwana". Siwatetei wanaopitiliza mizigo, hapana. Lakini yule mtu anayeng'ang'ania juu ya mbao anajua kufunga, amejifunza kwa kukosea na kwa kupigiwa kelele na dereva miaka nenda miaka rudi. Mimi nilimaliza chuo kikuu bila mtu yeyote kunifundisha kufunga kitu kisidondoke. Kuna watu humu mna leseni za miaka kumi, mna magari mazuri, na mkiombwa leo kufunga kitanda juu ya paa mtapiga fundo la viatu. Mnabisha?

Kayaki ipo Bagamoyo, ina kovu refu tumboni lakini haivuji. Rafiki yangu amenipigia jana, anataka kuirudisha Dar kwa mwezi mmoja, shemeji yake anataka kujaribu Kunduchi. Kaniuliza kama Jumamosi nina nafasi. Nimemwambia nakuja, ila kamba ya puani naifunga mimi, na madirisha yanakuwa yamefungwa njia nzima.